Rangi ya mafuta bila Photoshop

Photoshop si lazima. GIMP ni programu ya bure ya kuhariri picha, na inaigeuza picha kuwa kama mchoro wa rangi ya mafuta: fungua menyu ya Filters, kisha Artistic, kisha Oilify. Kichujio hicho huipa kila pikseli rangi iliyotawala zaidi jirani yake, ndani ya eneo dogo ambalo ukubwa wake huwekwa na Mask Radius, ndiyo maana picha ya simu yenye upana wa pikseli 4000 huonekana kama haijaguswa. Ipunguze kwanza iwe kama 1200, au ongeza namba ya Mask Radius mpaka uone mabaka ya brashi.

Nakili leya (tabaka la picha) kabla ya kuanza, kichujio ukiweke kwenye nakala. Ikizidi, shusha Opacity (kiwango cha kutoonyesha kilicho chini) ya nakala hiyo na picha halisi itachungulia kutoka chini. Hii naiona ndiyo hatua muhimu kuliko zote kwa anayeanza.

Angalizo ni kwa sura za watu, macho na midomo huvurugika haraka. Weka barakoa nyeupe (layer mask, inayoamua sehemu gani ya leya ionekane) kwenye leya ya juu, paka nyeusi juu ya macho na midomo tu, na picha halisi itaonekana hapo. Hifadhi kwa XCF, aina ya faili ya GIMP yenyewe, maana JPEG huziunganisha leya zote.