Jibu: Alama za kipimo ni nzuri, familia inasema amebadilika
Habari daktari. Umesema umemaliza kozi ya mtandaoni ya dimensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), lakini umekwama: mgonjwa wako, mama mmoja, kapata 27 kati ya 30 kwenye MoCA (kipimo kifupi cha kumbukumbu na fikra), na binti yake anasisitiza si yule wa zamani.

Msikilize binti kwanza. Niliwahi kuamini alama nikamrudisha nyumbani mzee msomi, kumbe alishashindwa hata kulipa bili zake. Inaniuma hadi leo. Kwa ridhaa ya mgonjwa, ongea na ndugu pembeni: dawa anakumbuka kumeza? Njia aliyoizoea inampotea? Kisha angalia mambo mengine yanayoweza kuvuruga kumbukumbu: usikivu, sonona, homoni za thairoidi, vitamini B12, na hasa dawa za usingizi. Kwenye kozi, rudia video za mahojiano na familia. Mpime tena baada ya miezi 6.