Mnaokwenda kupika Unguja, msizidishe mara 12

Jumanne, tukisugua majiko baada ya chakula cha mchana, komi wangu, mpishi msaidizi, alinisogezea simu. "Shefu, hebu ona." Mkataba wa hoteli moja ya Nungwi, Unguja, mshahara wa dola. Alikuwa ameshaugeuza kuwa shilingi za Kenya, akazidisha mara 12, na tayari anaulizia ploti Joska. Huyu ni wa tatu mwaka huu katika jiko letu hapa Westlands, na wote watatu wamezidisha mara 12. Nawapenda, wadogo zangu, ndiyo maana nakasirika.

1. Kibali cha kazi kishughulikiwe na mwajiri kabla hujavuka Namanga. Mkenya kule ni mgeni.

2. Chakula cha wafanyakazi kuleni, hata yakiwa maharagwe siku nne mfululizo. Unguja vitunguu, viazi, unga na mchele mwingi huvuka bahari, na nauli ya chombo huishia kwenye sahani yako. Samaki ni wa pale pale, lakini msidhani ni rahisi. Asubuhi moja nilimsindikiza mnunuzi wetu mnadani ufukweni. Mama mmoja alikuwa ameshafika bei ya mtungo wa changu. Mnunuzi wetu akapandisha, mama akaongeza kidogo, akapandisha tena. Mama akazifunga noti zake kwenye pindo la kanga, akaenda kutafuta dagaa. Wale changu niliwakaanga mimi jioni, na mgeni mmoja akabakiza nusu. Utalii unabeba zaidi ya robo ya uchumi wa Zanzibar, na bei hufuata mfuko wa mgeni. Wewe na yule mama mnanunua soko hilo hilo.

3. Nyumba. Hapa nisikilizeni vizuri.

Nilifika Novemba 2016. Desemba na Januari hoteli ilijaa, servisi chaji ikawa nono, bahshishi haikukauka. Nikaona vitanda vya kupandana vya nyumba ya wafanyakazi havinifai. Nikapata chumba karibu na ufuo, chenye kiyoyozi. Mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, kwa bei ya mtu anayejua kwamba akikosa mpangaji atalaza watalii. Nikamhesabia noti juu ya mkeka, zote nilizokuwa nazo, nikijiambia Machi na Aprili zitarudi.

Aprili ikaja na masika. Katikati ya mwezi hoteli ikafunga hadi Juni, nasi tukapewa likizo bila malipo. Ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, ukurasa wa pili. Nilitia sahihi bila kuufungua. Nikabaki na paa lakini sina unga. Kiyoyozi kilikaa ukutani kimya, maana hela ya tukuza, umeme wa kulipia kabla, sikuwa nayo.

Mdogo wangu wa kike alikuwa kidato cha tatu. Karo ya muhula wa pili niliiahidi mimi, hata nikamkataza mama asikope kwenye chama. Mei shule zikafunguliwa, na siku ya tatu binti akarudishwa nyumbani na sanduku lake. Mama alinipigia. Hakunilaumu, aliuliza tu kama nimekula. Kisha akanitumia nauli ya kurudi kwa M-Pesa, hela ya maandazi anayouza Kayole. Binti alikaa nyumbani wiki tatu, na hesabu alizozikosa alizikimbiza mpaka mtihani wa mwisho. Nimemwomba msamaha mara nyingi. Kila nikimwona komi anazidisha mara 12, namfikiria binti yule ameketi juu ya lile sanduku.

Zidisheni mara 10. Aprili na Mei zifuteni kabisa. Laleni nyumba ya wafanyakazi msimu wa kwanza, na karo ilipeni Januari, pesa ikiwa bado mkononi.

4. Daladala ya Nungwi ni namba 116. Teksi waachieni wageni.

5. Wewe unayesafiri Ijumaa, najua hujasaini bado. Alhamisi baada ya shifti ya jioni usikimbilie matatu. Njoo na mkataba wote, si picha ya ukurasa wa kwanza. Tutaanza na wa pili.