Maswali na majibu: Nimeona farasi jike aina ya Paint kwa ajili ya binti, nimnunue?

SWALI: Dokta habari za kazi. Tunaishi huku Texas, binti yangu ana miaka 13, anajifunza kupanda farasi huu mwaka wa pili na kocha anataka aingie mashindano ya western pleasure. Nimepata Paint jike (wale farasi wa mabaka), miaka 4, overo (aina mojawapo ya mabaka hayo), jicho moja la bluu, mzuri balaa. Muuzaji anasema baadaye naweza hata kumzalisha. Nimchukue?

JIBU: Nzuri dada. Usilipe kwanza. Hayo mabaka na jicho la bluu weka pembeni, jaji wa western pleasure haangalii rangi, anaangalia mwendo: kutembea, jogu na lopu (mbio za taratibu). Jogu ndo ile ambayo kamusi zetu zinaita kwenda matiti, ila ya taratibu (usicheke, neno ndo hilohilo).

Kwenye lopu ndo utamjua. Muuzaji ampande yeye kwanza, we simama kwenye uzio, funga macho, sikiliza kwato. Lopu nzuri ina mapigo matatu halafu kimya kidogo, pa-ta-pa, pa-ta-pa. Ukisikia manne ujue kalazimishwa kwenda polepole kuliko anavyoweza, mbele kama anakimbia nyuma kama anatembea, na hilo kulirekebisha ni kazi ya miezi na hela ya kocha. Hatamu zining'inie bila kuvutwa, na kisogo kisishuke chini ya mabega.

Halafu mwambie asimtandike mpaka ufike. Ukimkuta ana jasho chini ya tandiko, uliza alikuwa anafanya nini, maana farasi mkorofi akizungushwa asubuhi nzima, mchana anakuwa mpole kama kondoo.

Sasa hiyo overo. Baadhi yao wanabeba jeni ya frame, inayoleta mabaka ya aina hiyo. Akiwa nayo moja, yaani kairithi kwa mzazi mmoja tu, hana shida yoyote, mpande tu. Shida ni ukimpandisha na dume ambaye naye anayo: kila mimba ina uwezekano wa 25% kuzaa mtoto mweupe pee ambaye utumbo wake hauna mishipa ya fahamu, hawezi kunya, tumbo linamsokota na ndani ya siku chache anakufa, hakuna tiba, mara nyingi tunamchoma sindano afe tu asiteseke. Na usijidanganye kwamba utaiona kwa macho, kuna wanaoibeba na mabaka yao hata hayafanani na frame. Pima DNA, wanang'oa nywele za shingoni na mizizi yake basi. Hapohapo waambie wapime na HYPP, ugonjwa wa misuli uliotokana na Quarter Horse mmoja dume aliyeitwa Impressive, na kwa vile Paint wengi wamechanganywa na Quarter Horse, na wao wanaweza kuurithi.

Daktari wa kumkagua mtafute mwenyewe, asiwe wa muuzaji. Atamkunja kila mguu kama dakika moja halafu akimbizwe, aone kama anachechemea. Farasi wa mchezo huu wengi wanaanza kupandwa wakiwa na miaka 2, mifupa bado laini, kwa hiyo piga eksirei vifundo vya miguu ya nyuma na kile kifupa kilicho ndani ya kwato za mbele. Achukue na damu, isije ikawa alichomwa dawa ya maumivu au ya kumtuliza. Karatasi za American Paint Horse Association nazo ziangalie, jina la mwenye farasi liwe la huyo anayekuuzia.

Ila kwa kweli miaka 4 ndo inanitia wasiwasi kuliko vyote. Mtoto anajifunza, farasi naye anajifunza, nani atamfundisha mwenzake? Mi ningetafuta aliyehasiwa wa miaka 8 mpaka 12, hata kama hana jicho la bluu. Kama binti keshampenda huyu na kocha yuko tayari kumpanda mara kadhaa kwa wiki, haya. Majibu ya maabara huwa ni herufi tu: frame ikiwa N/O anabeba, N/N hana. HYPP ikiandikwa N/H, yaani anao, muache hukohuko.