Ndoa pekee haimpi shemeji uraia

Dada, umeuliza kama mumeo Mkenya sasa ni Mtanzania, kwa kuwa mmefunga ndoa na ameishi Dar miaka 6. Hapana. Sheria ya Uraia ya 1995 imemfungulia njia ya ndoa mke wa Mtanzania tu. Mume anaomba tajinisi, yaani uraia wa kupewa kwa maombi, kama mgeni mwingine yeyote. Huo ni ubaguzi na unastahili kuondolewa, lakini kwa leo ndiyo sheria.

Wengi hukosea hesabu ya miaka. Lazima awe ameishi nchini miezi 12 mfululizo kabla tu ya kuomba. Halafu, ndani ya miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo, ukaazi wake kwa jumla usipungue miaka 7. Kwa hiyo 6 haitoshi, hata akiongea Kiswahili cha Kariakoo. Asitupe pasipoti iliyojaa! Mihuri yake na vibali vya zamani ndiyo ushahidi, na kibali kilichoisha kabla ya kuhuishwa huacha pengo litakaloulizwa.

Lugha ni Kiswahili au Kiingereza. Tabia njema nayo huangaliwa. Mwamuzi wa mwisho ni Waziri wa Mambo ya Ndani.

Zungumzeni nyumbani kwanza, maana Tanzania hairuhusu mtu mzima kuwa na uraia pacha: atalazimika kuukana wa Kenya. Kama hilo linamuumiza, aendelee na kibali cha ukaazi. Watoto mliowazaa hapa ni Watanzania. Wakiwa na uraia wa Kenya pia, watachagua mmoja wakifikisha miaka 18.