Prosesa hainunuliwi peke yake

Mtoto wa shangazi yangu alinipigia wiki iliyopita. Ana milioni moja na laki tano, anataka kuunda kompyuta ya gemu, na jamaa mmoja wa Kariakoo keshamjaza upepo achukue prosesa ya Ryzen 7 ya AMD. "Kaka, si kubwa ndiyo nzuri?" Nikamuuliza, kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, umeitengea ngapi? Kimya.

Simcheki. Mimi mwenyewe mwaka 2023 nilinunua Ryzen 5 5600 baada ya kusoma kila kitu kuhusu prosesa, na kuhusu mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa na RAM, sikusoma hata mstari. Nikapata mazabodi ya B450 ya mkononi kwa bei poa, soketi (tundu la kupachika prosesa) ni AM4 ileile. Nikafunga vitu usiku, nikawasha: feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi tii. Nikatoa RAM nikarudisha. Nikasugua meno yake kwa kifutio cha penseli. Wapi!

Kumbe B450 ni za mwaka 2018, na 5600 imetoka 2022. Mazabodi yangu haikuwahi kusasishwa BIOS, ile programu yake ya kuwashia mashine, kwa hiyo ilikuwa haiijui kabisa hiyo prosesa. Fundi mmoja akaniazima Ryzen ya zamani, tukaipachika, tukaingiza BIOS mpya kwa flashi, kisha tukarudisha ya kwangu. Dakika zile nilikuwa naomba umeme usikatike tu, maana BIOS ikiishia nusu, mazabodi unaweza kuitumia kama trei ya chai. Kazi yenyewe haikufika nusu saa. Mimi nilikuwa nimehangaika wiki mbili.

Tangu hapo, mtu akiniuliza bei ya prosesa namwambia jumlisha vitu vitatu: prosesa, mazabodi na RAM. Ryzen 5 7600 ni nzuri kuliko 5600, hilo halina ubishi, na soketi yake ya AM5 itakupa nafasi ya kupanda baadaye. Lakini AM5 inakula RAM ya aina mpya ya DDR5 tu, na ukishajumlisha vyote vitatu, hela ya kadi imeshapungua. Kwa mfuko wa kati mimi bado nasema 5600, au Core i5-12400F ya Intel. Zote zina viini 6 na nyuzi 12, yaani zinaweza kushughulikia kazi 12 kwa pamoja, zote zinakubali RAM ya aina ya zamani ya DDR4, na hela inayobaki ipeleke kwenye kadi. Ila mazabodi za 12400F zipo za DDR4 na za DDR5, na RAM ya moja haiingii kwenye nyingine. Uliza kabla hujalipa.

Angalia pia namba na herufi za mwisho. Ryzen 5 5500 utaambiwa ni "ileile tu" kama 5600. Si ileile: kache ya L3 (kumbukumbu ya haraka ndani ya prosesa) ni MB 16 badala ya 32, na gemu zinapenda kache. F kwenye Intel maana yake haina grafiki ya ndani, bila kadi huoni kitu. Hata 5600 yangu iko hivyo. Yenye grafiki ni 5600G. Na ukiuziwa prosesa bila boksi, usisahau kudai feni yake au kupanga hela ya kuinunua. Joto la Dar mwezi wa pili halina utani.

Kama tayari una mashine na unahisi prosesa imechoka, ipime kabla hujaibadilisha. Fungua gemu unayoicheza sana, angalia fremu (picha ngapi kwa sekunde), kisha shusha rezolusheni (wingi wa nukta za picha) mpaka 720p. Fremu zikipanda sana, iliyokuwa inakubana ni kadi. Zikibaki palepale, hapo ndipo uanze kuitilia shaka prosesa. Watu wa Counter-Strike 2 wenye monita za Hz 144 (zinazoonyesha picha 144 kwa sekunde) na zaidi hukutana na hali hii mapema. Mtu anayecheza GTA V taratibu na monita ya Hz 60 anaweza kukaa na 5600 miaka bila kujuta.

Dogo mwishowe alichukua 12400F na kadi ya RX 6600. Jana usiku kanitumia picha: feni zinazunguka, taa zinawaka, monita nyeusi. "Kaka, BIOS?" Nikaivuta picha karibu. Waya wa HDMI kauchomeka kwenye mazabodi badala ya kwenye kadi.