Kabla Hamjagawana Shamba la Babu

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasulu aliniandikia akiuliza kama yeye na nduguze wagawane shamba la mababu zao, au waliache libaki la ukoo, maana mdogo wake anataka kung'oa michikichi ya zamani ili apande tenera, aina ya michikichi ya kisasa. Nilimjibu kwa neno moja: andikeni. Leo namweleza kwa urefu, kwa sababu neno hilo mimi nililipata kwa machozi.

Shamba letu lipo Simbo, Wilaya ya Kigoma, na mimi ni kizazi cha tano kuchuma chikichi humo. Wazee husimulia kwamba michikichi yake ya kwanza ilikuwa imeshakomaa reli ilipofika Kigoma mwaka 1914, na kwamba watu walipohamishiwa vijijini katika miaka ya 1970, bibi alikuwa akidamka kila siku kurudi kukamua mawese kwenye shamba aliloamriwa kuliacha. Mpaka wake ulikuwa safu ya minyaa na mchikichi mmoja uliopinda. Karatasi haikuwapo, wala hatukudhani ingehitajika.

Baba alipofariki, baba mdogo alifyeka minyaa ya upande wa mtoni na kukiuza kipande hicho, na nilipohoji niliambiwa mbele ya kikao cha ukoo kwamba binti aliyeolewa hana shamba kwao. Nilinyamaza. (Tunasalimiana misibani, lakini sijasahau ni nani waliocheka siku ile.) Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na kwamba hati ya hakimiliki ya kimila, inayotolewa na halmashauri ya kijiji, inaweza kubeba majina ya watu zaidi ya mmoja.

Sitawachosha na safari za mahakamani. Mwezi uliopita hati ilitoka ikiwa na majina yetu wanne, la kwangu likiwa la kwanza, na hilo sioni haya kulisema. Kipande cha mtoni hakikurudi.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Kasulu, andikeni mipaka wakati wazee wangali hai. Andikeni nani alipanda nini. Dada zenu nao waandikwe, tena msisubiri wadai, kwani anayemnyima dada yake leo anamfundisha mwanawe namna ya kumnyima binti yake kesho. Mdogo wako hajakosea kuhusu tenera, kwa kuwa dura, aina ya zamani waliyopanda mababu, ina kokwa nene na mafuta machache. Hata hivyo, mchikichi hukaa miaka mitatu au zaidi kabla ya kuzaa, na kwenye ardhi yenye ubishi anaweza kuwa anampandia mtu mwingine.

Sisi tulianza na shangazi, ambaye hatembei bila mkongojo. Alituongoza hadi kwenye mchikichi uliopinda, akaushika, kisha akatikisa kichwa: mpaka wa kweli, alisema, uko hatua nane ndani zaidi, na sehemu ile ni ya jirani tangu enzi za babu. Kaka yangu alisita, kalamu mkononi. Nilimwambia aandike alivyosema shangazi, naye jirani akaitwa kutoka kwenye mihogo yake aje atie dole gumba.