Kibarua kwa Viza ya Mwanafunzi: Je, Mshahara wa Japani Utalipa Karo?

SWALI: Shikamoo mwandishi wa safu hii. Mimi ni kijana wa miaka 23, mkazi wa Mwanga, Kigoma. Nimepata nafasi katika shule ya lugha ya Kijapani jijini Tokyo, na masomo yanaanza Aprili. Wakala anayenishughulikia amemwambia baba mdogo kwamba nikifika nitafanya kazi muda wote nitakaotaka na kurudisha fedha zote ndani ya miezi sita. Kwa kuamini hivyo, baba mdogo anataka kuuza boti na nyavu zake za dagaa pale Kibirizi. Je, viza ya mwanafunzi inaruhusu kazi, na mshahara wake unatosha karo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na viza, kwa kuwa hapo ndipo wakala amempotosha baba yako mdogo. Viza ya mwanafunzi peke yake hairuhusu kazi yoyote ya malipo. Sisi wa Kigoma hatupaswi kushangaa, maana tangu mwaka 1965 tumekuwa tukiwapokea watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto wanaochunguza sokwe wa Mahale, na mtafiti wa kigeni anayekuja huku leo hatoshelezwi na kibali cha ukaazi, bali huhitaji pia kibali cha utafiti kutoka COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia Tanzania. Wewe nawe utahitaji idhini ya pili, ambayo hutolewa na uhamiaji wa Japani bila ada, na mwanafunzi anayeingia kwa mara ya kwanza anaweza kuiomba palepale katika kiwanja kikubwa cha ndege kama Narita, anapopewa kadi yake ya ukaazi. Idhini hiyo hugongwa muhuri nyuma ya kadi, na mwajiri makini ataugeuza upande huo kabla ya kukuuliza jina.

Ukishaipata, mwisho wako ni saa 28 kwa wiki, na saa hizo ni jumla ya vibarua vyote: ukiosha vyombo mgahawani saa 20, ghala la vifurushi lina haki ya saa 8 tu. Wiki yenyewe huhesabiwa kuanzia siku yoyote, kwa hiyo ujanja wa kulundika saa Jumamosi na Jumapili ukidhani Jumatatu unaanza upya haufui dafu. Katika likizo ndefu zilizowekwa na kanuni za shule unaruhusiwa hadi saa 8 kwa siku. Baa za wahudumu wa kustarehesha wageni na kumbi za pachinko, ambayo ni michezo ya kamari ya mashine, ni mwiko kwako hata kama kazi ni kufagia.

Sasa tupige hesabu. Kima cha chini cha mshahara jijini Tokyo kuanzia Oktoba 2024 kilikuwa yen 1,163 kwa saa, hivyo saa 28 ni yen 32,564 kwa wiki, yaani takriban yen 130,000 kwa wiki nne kabla ya makato. Kazi ya kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri huongezewa asilimia 25, lakini anayetoka ghalani alfajiri na kuingia darasani asubuhi husinzia, na mahudhurio mabaya humponza siku ya kuongeza muda wa ukaazi. Katika fedha hizo utatoa kodi ya chumba, chakula, nauli na bima ya afya ya taifa, ilhali karo ya shule nyingi za lugha huwa kati ya yen 700,000 na 900,000 kwa mwaka. Kibarua kitakulisha, na ukijibana kitakuachia akiba kidogo, lakini hakiwezi kurudisha bei ya boti kwa miezi sita. Tena anayeanza lugha hapati kazi siku ya kwanza, na mshahara wa mwezi mara nyingi hulipwa mwezi unaofuata, kwa hiyo uwe na fedha za kujikimu kwa miezi kadhaa.

Usithubutu kuandika katika maombi kwamba karo italipwa kwa kibarua, kwa sababu uhamiaji huko hutaka kuona mdhamini mwenye uwezo kabla ya kutoa cheti cha kustahili ukaazi, ambacho ndicho unachokwenda nacho ubalozini Dar es Salaam kuombea viza. Wala usidhani saa za ziada hazitaonekana: mapato yako hufika kwenye kumbukumbu za kodi za manispaa, na anayezidisha saa anaweza kunyimwa kuongezewa muda au kurudishwa nyumbani.

Kuhusu boti, inayolisha nyumba nzima, ningemshauri baba mdogo asiiuze kwa ahadi ya mdomo. Mwombeni wakala aandike kwenye karatasi maneno yaleyale aliyomwambia, aweke na saini, kabla mnunuzi hajaitwa Kibirizi.